Mtu wa Mac, mtu wa ThinkPad, mtu wa HP, mtu wa Dell: ipi inakufaa ukiwa Lamu?

Jioni kwenye baraza za Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, mazungumzo yakiangukia kompyuta, hukumu hutoka upesi. Mwenye Mac ana maringo. Hataki hata fundi aiguse. Mwenye ThinkPad ni mbishi: ana jibu la kila kitu na bisibisi mfukoni. Mwenye HP ni karani, nadhifu na mpole, hajali kitu ilimradi printa inatoa karatasi. Mwenye Dell ni mtu wa mradi. Aliipata ofisini, mradi ukafungwa, mashine ikabaki kwake. Mwenye Linux, mfumo wa bure ulio badala ya Windows, hajadiliwi hata kidogo, huachiwa pembe yake.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapo kila mtu huvuta. Hata hivyo maneno hayo yana faida kwa anayetaka kununua, kwa sababu mengi ni tabia za mashine ambazo mwenyewe amebandikwa. Mashine isiyofunguka humzoesha mtu kutofungua. Mashine yenye vipuri tele humzoesha kuchokora. Ukijua tabia fulani ilitoka kwenye skurubu gani, utajua kama inakufaa wewe unayeishi kisiwani, penye hewa ya chumvi, na ambaye kipuri chako hushushwa Mokowe, gati la bara, kisha kikavushwa kwa boti.

Tunazungumzia laptopu za mtumba, zile ziitwazo eksi-UK, kwa kuwa ndizo wengi hununua. Tumechukua nne za kulinganisha: MacBook Air ya chipu ya M1 iliyotoka mwishoni mwa 2020, ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490. Hizi tatu za mwisho ni za rika moja, na nyingi zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8. Angalia neno "nyingi". Ziko T480 na 7490 zilizotoka kiwandani na kizazi cha 7, na kwa nje hazina tofauti hata moja. Soma namba ya prosesa: i5-8250U au i5-8350U, chukua, i5-7300U, mwachie muuzaji. Windows 11 huanzia kizazi cha 8 kwa Intel, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Jambo jingine kabla hatujaendelea: beji ya kampuni peke yake haisemi kitu. IdeaPad ni ya Lenovo lakini si ThinkPad. Inspiron ni ya Dell lakini si Latitude. HP 15 na EliteBook zina nembo moja na hazina undugu mwingine. Laptopu za bei nafuu za kampuni yoyote ile mara nyingi bawaba zake zimeshikwa na vipande vidogo vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki. Plastiki ikichoka, bawaba hung'oka na kupasua kifuniko. Mtu aliyeumwa na moja ya hizo huapa kwamba kampuni nzima ni ovyo, na ubishi mwingi wa barazani ukiuchimba chini utaukuta umesimama hapo.

Sifa zilikoanzia

Macintosh ya kwanza ilitoka 1984. Mwaka uliofuata ikapata printa ya leza na programu ya kupanga kurasa, na tangu hapo ikawa mashine ya wachora matangazo na wapanga magazeti. Apple yenyewe ikaja kuikoleza sifa hiyo: kuanzia 2006 hadi 2009 ilirusha matangazo ambamo Justin Long, kijana aliyevaa kawaida, alikuwa Mac, na John Hodgman, mwenye suti na miwani, alikuwa PC, yaani kompyuta ya Windows. Mwaka 2008 Microsoft ikajibu kwa matangazo ya watu wa kila aina wakitamka kwa fahari kwamba wao ni PC. Mzaha wenyewe ni wa zamani kuliko hapo. Mwaka 1994 mwandishi wa Kitaliano Umberto Eco aliandika jaridani kwamba Mac ni Mkatoliki na MS-DOS, mfumo wa zamani wa Microsoft, ni Mprotestanti: mmoja humshika muumini mkono hatua kwa hatua, mwingine humwachia kila mtu afasiri mwenyewe na kubeba lawama zake.

ThinkPad ilianza 1992 mikononi mwa IBM, sanduku jeusi lililobuniwa na Richard Sapper kwa mfano wa kibweta cha chakula cha Wajapani. Ilikuwa ya mabenki na mashirika. Lenovo ilinunua biashara ya kompyuta za IBM na kuikamilisha 2005. Mashirika huuza laptopu kila baada ya miaka michache, zikiwa bado nzima, na walionunua hizo kwa bei ya kutupa ni wanafunzi na waandishi wa programu. Ndiyo maana mashine ya meneja imegeuka mashine ya mbishi.

HP ilianzia ndani ya gereji huko Palo Alto, Marekani, mwaka 1939, ikitengeneza vyombo vya kupimia. Dell ilianzishwa na mwanafunzi Michael Dell huko Austin mwaka 1984, akiwauzia wateja moja kwa moja bila duka katikati. Taasisi hupenda kununua hivyo, mia kwa mkupuo, kwa hiyo "mtu wa mradi" si kusingiziwa.

Maringo na ubishi, sehemu kwa sehemu

Ugomvi mkubwa ni kati ya Mac na ThinkPad, na hapo ndipo tofauti ni za kweli.

Anza na kufungua. Kifuniko cha chini cha MacBook Air ya M1 kimeshikwa na skurubu kumi za pembe tano, zinazotaka bisibisi ya P5 ambayo haimo kwenye seti za kawaida. Ukishafungua, hukuti cha kuongeza: RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, imo ndani ya chipu moja na prosesa, na hifadhi imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ya GB 8, utakufa nayo ya GB 8. Kibodi imebanwa kwa ribiti kwenye fremu ya juu, kwa hiyo kitufe kikifa, fundi wa kawaida hukwambia ununue fremu nzima. Mwenye Mac hafungui mashine yake kwa sababu hii, wala si kwa kiburi.

T480 inafunguka kwa bisibisi ya msalaba, na skurubu zake hubaki zikining'inia kwenye kifuniko zisipotee mchangani. Ndani kuna nafasi mbili za RAM ya DDR4, hadi GB 32 kwa jumla. Hifadhi inatoka kwa skurubu moja mbili. Kibodi hutoka kwa kulegeza skurubu mbili chini, kuisukuma kidogo na kuinyanyua. Betri ni mbili: ya ndani ya Wh (wati-saa) 24, na ya nje inayochomolewa kwa vidole, ambayo ipo ya Wh 24, ya 48 na ya 72. Ile ya 72 hutuna chini na kuinua mashine nyuma, sura yake haipendezi, lakini stima ikipotea usiku mwenye nayo huendelea kuchapa. Betri ya ndani hushikilia mashine ikiwa macho wakati unabadilisha ya nje.

Mwenye ThinkPad basi huwa mbishi kwa sababu mashine humpa la kubishania: RAM ipi, betri ipi, skrini ipi. Na hapo kwenye skrini ajiandae kushindwa. T480 nyingi za mashirika zilikuja na kioo hafifu, mwanga wake kama niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini), na za bei ya chini kabisa zina pikseli 1366 kwa 768 ambazo ukizitazama upande rangi hugeuka. Skrini ya Air ya M1 ni niti 400. Anayefanya kazi kwenye roshani ya Shela saa sita mchana, au mezani pwani karibu na gati, ataona tofauti hiyo bila kuonyeshwa. T480 kwenye jua ni kioo cha kujitazamia.

Kwenye chumvi, mambo hayaendi kama baraza inavyodhani. Inasemwa Mac ni laini na ThinkPad ni ngumu. Ni kweli T480 imepitishwa majaribio ya kijeshi ya MIL-STD-810, na kibodi yake ina mifereji inayotoa maji kwa tundu za chini. Ila ina feni, na feni huvuta hewa ya hapa saa zote: chumvi, vumbi la matumbawe, nywele za paka. Chumvi hunyonya unyevu, ikatua kwenye miguu ya RAM na viunganishi vya waya, na baada ya misimu michache ya kusi unakuta utando wa kijani kwenye shaba. Air ya M1 haina feni kabisa. Haivuti hewa, kwa hiyo hula chumvi kidogo zaidi. Alumini yake haishiki kutu nyekundu, lakini pale rangi ilipokwaruzika, hasa ukingoni na kuzunguka tundu za USB-C, hutoka unga mweupe na vishimo.

Kwa hiyo: Air hukaa safi muda mrefu zaidi, na siku ikipatwa, hupatwa moja kwa moja. T480 huchafuka mapema, lakini inasafishika. Mwenye T480 aifungue kila miezi sita, apulize feni huku ameishika isizunguke, afute miguu ya RAM kwa spiriti ya isopropili na kuirudisha. Asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo asijidanganye na sifa ya ugumu.

Kukosa feni nako kuna gharama. Mhariri wa video za harusi akiipa Air kazi ya saa nzima, chipu hupata joto na kujipunguza mwendo. Kwa video fupi hutaona. Kwa harusi ya siku tatu utaona. Huyo atafute MacBook Pro ya M1, ambayo ina feni, na ya GB 16.

Kwenye matundu ya kuchomekea, Mac huadhibu wenye haraka. Air ya M1 ina tundu mbili za USB-C, zote upande wa kushoto, na ya vichwa vya sauti. T480 ina USB za kawaida, HDMI, kadi ya kumbukumbu na tundu la waya wa mtandao. Anayepeleka flashi kwa saiba kuchapisha mtihani ajue mambo mawili. Flashi iliyofomatiwa kwa NTFS, Mac huisoma lakini haiandiki. Ifomati kwa exFAT. Na faili ya Pages, programu ya kuandikia ya Apple, haitafunguka saiba. Itoe kama PDF au Word kabla hujatoka nyumbani. "Kompyuta yangu haipatani na za watu" ni lalamiko la kila mwenye Mac mpya, na dawa yake ni hizo hatua mbili.

Kuna na adabu ya vidole. Kile kidude chekundu katikati ya kibodi ya ThinkPad kinaendesha mshale bila mkono kuondoka kwenye herufi. Wasiokizoea hukicheka, waliokizoea hawawezi tena kuishi bila yake. Mshale ukianza kutambaa wenyewe, achia kidole sekunde chache, hujipanga. Kofia yake ikilainika na kuwa na grisi, inang'olewa na kuwekwa nyingine. Kitufe cha Fn kiko pembeni kabisa mahali pa Ctrl. BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, inakuruhusu kuvibadilishana, na wengi hawajui.

Kuhusu Mac nzee zaidi, tahadhari mbili bila kuzunguka. Air za 2018 na 2019, na MacBook Pro za 2016 hadi 2019 isipokuwa ile ya inchi 16, zina kibodi ya kipepeo: punje moja ya mchanga chini ya kitufe, herufi inakwama au inajirudia. Kwenye kisiwa chenye mchanga hadi kitandani, hiyo ni kujitafutia. Na Air ya 2017, ambayo bado hupendwa kwa tufaha lake linalowaka, haipandi zaidi ya toleo la Monterey la macOS, mfumo wa Mac. Mac za Intel kwa jumla zimefika mwisho wa njia: macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kuzikubali.

Karani na mtu wa mradi

EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 hatutazichambua kwa urefu huo, kwa kuwa ndani yake zinafanana na T480 kuliko wenyewe wanavyokiri. Zote mbili zina nafasi mbili za RAM, hifadhi ya kubadilika, tundu la waya wa mtandao, na hukubali kuchajiwa kwa USB-C. Hakuna yenye betri ya pili. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na T480.

HP ina umbo zuri zaidi kati ya hizo tatu, alumini nje, na spika zenye sauti. Baadhi zina skrini ya Sure View, ya kuficha maandishi kwa aliyeketi ubavuni. Kwa karani wa mishahara ni baraka. Kwa mwalimu anayetaka wanafunzi watatu waone skrini moja ni kero, na hata ikizimwa kioo hicho hubaki hafifu kuliko cha kawaida. Uliza kabla ya kulipa: inamisha skrini, itazame kutoka pembeni, washa na uzime.

Dell ina ugonjwa wake mmoja ambao kila saiba inaujua. Chaja yake ya duara ina sindano nyembamba katikati, inayoiambia mashine kwamba chaja ni halali na ni ya wati ngapi. Sindano ikipinda, waya wake ukikatika ndani, au tundu likishika kutu, mashine huwaka lakini huandika kwamba haitambui chaja. Betri haijai na prosesa hutambaa. Watu hubadilisha betri, wakabadilisha Windows, na tatizo ni sindano. Ingia BIOS kwa F2, tafuta taarifa za betri, soma aina ya chaja: ikiandika wati 65, sawa, isipoijua, jaribu chaja nyingine kwanza. Kwenye 7490 unaweza kupita kando ya balaa lote kwa kuchaji kwa USB-C.

Sifa ya Dell ni karatasi zake. Chini ya mashine kuna namba ya huduma yenye herufi na tarakimu saba. Ukiiandika kwenye tovuti ya Dell, unapata ilitoka kiwandani na RAM gani, skrini gani na lini. Muuzaji anayekwambia "ni ya juzi" utamjua hapo hapo. Dell, HP na Lenovo zote hutoa bure mwongozo wa kufungua na kufunga, wenye picha na ukubwa wa kila skurubu. Pakua wa modeli yako ukiwa na intaneti nzuri, uuweke.

Dukani, kabla ya kulipa

"Ami, hii haijaguswa hata skurubu moja."

"Alhamdulillahi, mwanangu. Izime, uiwashe tena, ubonyeze F10."

Mzee huyo anajua anachotafuta. HP huingia BIOS kwa F10, Dell kwa F2, ThinkPad kwa F1. Ikidai neno la siri la msimamizi, rudisha mashine hapo hapo. Kwenye ThinkPad neno hilo likishapotea, jibu la Lenovo ni kubadilisha bodi kuu. Ukiingia salama, tafuta sehemu ya usalama iliyoandikwa Computrace au Absolute: ikiwa imewashwa kabisa, mashine bado ina mwenyewe anayeweza kuifuatilia.

Kisha Windows. Iwekwe upya mbele yako na iunganishwe na intaneti wakati wa kuanza. Ikileta jina la shirika na kudai barua pepe ya kazini, imesajiliwa na ofisi iliyoitoa, na kila ukiiweka upya itarudi pale pale. Mashine za miradi ndizo hasa zenye kasoro hii.

Mac hupimwa hivyo hivyo, kwa majina mengine. Mwambie muuzaji aifute yote kupitia mipangilio, aiwashe kwenye intaneti, na mfike hadi mezani. Ikitaka akaunti ya Apple ya mtu mwingine, au ikiandika kwamba inasimamiwa kwa mbali na shirika, ni kipande cha alumini tu. Usikubali "tutaifungua kesho".

Betri ya Windows: fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na ufungue ripoti inayotokea. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa wa kujaa. T480 itaonyesha betri mbili, kila moja na mstari wake. Ya ndani ikiwa na 12,000 mWh badala ya 24,000 hivi, imebaki nusu. Kwenye Mac soma idadi ya mizunguko katika taarifa za mfumo, sehemu ya umeme. Apple huikadiria betri ya Air kwa mizunguko 1,000. Iliyofika 800, ihesabu kama ya kubadilishwa karibuni na ukate bei.

Mwisho kabisa, kibodi. Mashine ya Windows iliyotoka Uingereza ina alama ya @ karibu na herufi L, na alama za kunukuu ziko juu ya 2. Ikiwa Windows imepangwa kwa Kiingereza cha Marekani, utabonyeza @ ukapata alama za kunukuu, na neno lako la siri halitakubali kamwe. Badilisha mpangilio uwe wa Uingereza, si ugonjwa. Za Ujerumani zina Z na Y zilizopeana nafasi, za Ufaransa huanza na A pahali pa Q. Hizo ni nafuu kwa sababu hiyo, na kwenye T480 ni kubadilisha kibodi tu. Kwenye Air ya M1 ni kuishi nayo.

Ikilowa baharini

Mawimbi ya kusi kati ya Mokowe na kisiwani hayachagui nembo. Mfuko mkavu wa mabaharia, ule unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa, ndio kinga. Mfuko wa duka na taulo ni kujifariji. Maji ya chumvi yakishaingia, usiiwashe "kuona kama inafanya". Bonyeza kitufe cha kuzima hadi ife, chomoa chaja, kwenye T480 chomoa betri ya nje, kisha ufungue na kutenganisha ya ndani. Umeme ukibaki ndani ya maji ya chumvi, shaba huliwa kwa saa, haingoji siku.

Mchele hausaidii. Maji yatakauka na chumvi itabaki. Bodi ioshwe kwanza kwa maji yaliyotoneshwa, kwa kuwa chumvi haiyeyuki vizuri kwenye spiriti. Ndipo isuguliwe kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ikauke kivulini siku nzima kabla ya kurudishiwa betri. Hayo mwenye T480, Dell au HP anaweza kuyaanza mwenyewe ndani ya saa ile ile. Mwenye Mac anahitaji kwanza bisibisi ya P5, na ununuzi wake usingojee siku ya msiba. Inunue siku moja na mashine.

Nani achukue ipi

Mwanafunzi anayevuka kwenda chuo Mombasa au Kilifi: T480, RAM GB 16, betri ya nje ya 72. Akitaka mashine nyepesi na ana pesa, Air, ila ajue bei yake ya mtumba huwa mara mbili ya T480 na kupita.

Mchora kadi za harusi na mabango, mhariri wa picha, mwenye nyumba ya wageni Shela anayejibu wateja kutwa akiwa juani: Air ya M1, GB 16 akiweza. Kwa hawa maringo yana sababu.

Mwalimu, karani wa kaunti, katibu wa madrasa anayechapa orodha na barua: EliteBook au Latitude, yoyote itakayopatikana safi zaidi siku hiyo. Kuchagua kati ya hizo mbili kwa kutazama nembo ni kupoteza jioni.

Mtu wa Linux anajua tayari anachotaka. Kwa asiyejua: ThinkPad na Latitude hupokea Ubuntu, aina moja ya Linux, bila ugomvi, na ndiyo njia ya heshima kwa mashine ya kizazi cha 6 au 7 ambayo Windows 11 imeikataa. Ubuntu imekuwapo tangu 2004, ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kwenye M1 kuna mradi wa Asahi wa kuiwekea Linux, lakini si kila kitu hufanya kazi. Na kama kazi yako ni faili za Excel zenye makro, baki na Windows.

Mwenye saiba asinunue moja ya kila kampuni kwa kuwa zilikuwa nafuu. Anunue tatu au nne za modeli moja, Latitude 7490 zote au T480 zote, zenye kibodi za nchi moja na chaja za aina moja. Ya kwanza kufa isiuzwe kwa kilo: skrini yake, RAM yake na kibodi yake ni vipuri ambavyo havihitaji kungojewa Mokowe.